Pistoni Iliyoganda

Injini hufa kwa njia mbili, na anayetaka kuifufua hana budi kujua kwanza imekufa kifo gani. Njia ya kwanza ni kufa kazini. Injini inazunguka kwa kasi, oili imepungua, joto linapanda, pistoni inatanuka ndani ya silinda yake mpaka inakosa nafasi, kisha inang'ang'ania ukutani na gurudumu la nyuma linaburuzika barabarani. Njia ya pili ni kufa kitandani. Injini inaegeshwa ikiwa nzima, mwenyewe akidhani ataiwasha wiki ijayo. Wiki inakuwa mwezi, mwezi unakuwa miaka, unyevu unaingia, kutu inaota kati ya pistoni na ukuta wa silinda, na siku mtu anapokuja kupiga kiki, mguu wake unakutana na jiwe. Mafundi wetu huyaita yote mawili kwa jina moja, kwamba injini "imejam". Lakini hayo ni maradhi mawili, na dawa zake hazifanani. Iliyokufa kazini imepakwa aluminiamu ya pistoni juu ya chuma cha silinda, nayo huhitaji kukwanguliwa. Iliyokufa kitandani imefungwa na kutu, na kutu ina tabia zake.

Pikipiki ninayotaka kuieleza ilikufa kitandani. Ni BSA Bantam ya zile za mwanzo, yenye silinda moja ya sentimita za ujazo 123, gia tatu, na rangi ya kijani iliyopauka kama jani la mgomba lililokaa juani. Ilikuwa ya marehemu kaka yangu, ambaye alikuwa bwana shamba katika milima ya Usambara. Aliinunua mwaka 1966 kutoka kwa ofisa mmoja Mzungu aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, na kwa miaka 15 ilimpeleka Soni, Bumbuli, Mlalo na Mtae, kwenye mashamba ya kabichi na ya kahawa, masika na kiangazi. Watu wa rika langu watakumbuka kwamba enzi hizo wazee wengine bado waliita chombo hiki tukutuku. Jina la pikipiki limeshinda, lakini masikio yangu husema kwamba Bantam ilikuwa tukutuku hasa. Ndivyo ilivyolia.

Bantam ni aina ya kuku wadogo wafupi, na kwenye tangi la pikipiki hizo palibandikwa picha ya jogoo. Watoto wa kijijini walimwita kaka yangu Bwana Jogoo, naye hakukasirika. Historia ya chombo chenyewe inafurahisha kuliko picha yake. Mchoro wake haukuwa wa Waingereza hata kidogo. Ulikuwa wa kampuni ya DKW ya Ujerumani, ambayo kabla tu ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa imetengeneza pikipiki ndogo iliyoitwa RT 125. Vita vilipokwisha, michoro ile ikachukuliwa na washindi kama sehemu ya fidia. Waingereza wakaigeuza kama mtu anavyojiona katika kioo, kanyagio la gia likahamia kulia, wakaanza kuiuza mwaka 1948 kutoka Birmingham. Harley-Davidson wa Marekani nao wakatoa ya kwao kutokana na mchoro ule ule, Warusi wakatoa ya kwao, na pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, ya mwaka 1955, ni ndugu wa tumbo moja na hizo. Kwa hiyo pale kwenye banda la kaka yangu, nyuma ya magunia ya mahindi, aliegeshwa mjukuu wa Ujerumani aliyelelewa Uingereza na kuzeekea Lushoto.

Iliegeshwa mwaka 1981, mafuta yalipokuwa adimu na vipuri vyake havipatikani tena. Kiwanda kilikuwa kimeacha kuzitengeneza tangu mwaka 1971, na kampuni yenyewe ikaanguka muda mfupi baadaye. Kaka akapewa gari la idara, kisha akastaafu. Alifariki mwaka 2019. Pikipiki ikabaki bandani, na banda likaanza kuvuja.

Mwaka 2023 watoto wa kaka, ambao wanaishi Dar es Salaam, waliamua kuvunja lile banda ili kujenga nyumba ya vyumba vitatu. Uamuzi ulikuwa wa haki, kwa sababu kiwanja ni chao. Mkubwa wao, mwanamume wa miaka 52, alikwisha kuelewana na mnunuzi wa vyuma chakavu: shilingi 50,000 kwa pikipiki yote kama ilivyo. Mama yao, yaani shemeji yangu, hakutaka. Hakusema kwa nini, nao hawakumwuliza. Alichofanya ni kunitumia mtoto wa jirani na maneno haya: "Mwambie Mwalimu, shemeji yake anaomba aje aitazame tukutuku ya kaka yake kabla haijaondoka."

Sababu naijua, kwa kuwa nilikuwapo. Mwaka 1971, usiku wa mvua, shemeji alipandishwa kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki hiyo akiwa na uchungu, akafungwa kwa khanga mbili kwenye mgongo wa mumewe, wakashuka matope hadi hospitali. Mtoto aliyezaliwa alfajiri ile ndiye huyu aliyeuza pikipiki kwa shilingi 50,000. Ni kijana mwema, wala simtaji kwa ubaya. Hakuna aliyepata kumsimulia. Kwetu mambo kama hayo hayasimuliwi watoto wa kiume.

Tulikubaliana kwa simu. Alisema, "Baba mdogo, mimi sina ugomvi. Kikao cha ukoo ni mwisho wa Agosti. Ikiwa mpaka siku hiyo injini inazunguka, tutaizungumza kama pikipiki. Kama haizunguki, basi ni chuma, na chuma kina bei yake." Niliona ni masharti ya mtu mzima. Ilikuwa mwanzo wa Juni.

Sasa niseme nilivyoikuta. Plagi haikuwapo. Mtu alikwisha kuifungua, labda watoto kwa michezo yao, na maji ya paa yalikuwa yakidondoka jirani na lile tundu. Kiki haikusogea hata unywele. Nilifungua nati nne za juu, nikaondoa kichwa cha silinda, nikamulika tochi. Pistoni ilisimama katikati ya safari yake. Nilipima kwa rula ya chuma: milimita 27 kutoka ukingo wa juu. Safari nzima ya pistoni ya Bantam ni milimita 58, kwa hiyo ilikuwa karibu nusu ya njia. Ukuta wa silinda ulikuwa na rangi ya udongo wa Usambara.

Mahali iliposimama palinifariji. Injini hii ni ya mipigo miwili, haina vali. Moshi hutoka kwa tundu lililo ubavuni mwa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo mlango wa tundu hilo: ikishuka hulifungua, ikipanda hulifunga. Kwa kuwa ilikwama katikati, tundu la moshi lilikuwa limefungwa. Maana yake kitu chochote nitakachomimina juu ya pistoni kitakaa. Vijana wanaotengeneza bodaboda zetu za leo ni hodari sana, nami nimewaona wakifungua injini nzima chini ya mwembe na kuirudisha kabla ya adhuhuri, lakini wamekulia kwenye mipigo minne, na fundi niliyemwita alitafuta vali kwa muda mrefu kabla hajanitazama.

Ushauri haukukosekana. Fundi yule alishauri tuitie gia kubwa na kuivuta kwa gari. Hilo lingepinda mkono wa pistoni au kung'oa meno ya gia. Mwingine alileta nyundo ya kilo tano. Mwalimu kijana wa kemia, ambaye nilimsimamia katika mazoezi yake ya kufundisha, alikuja na wazo la kisomi zaidi: tumimine magadi ya kutengenezea sabuni, maana yanakula aluminiamu na kuacha chuma. Alisema kweli. Silinda ya Bantam ni chuma cha kusubu na pistoni ni aluminiamu, na magadi makali yangeiyeyusha pistoni yote huku silinda ikibaki. Lakini yangetoa pia gesi ya hidrojeni inayolipuka, yangeweza kumpofusha mtu, na mwisho wa yote tungekuwa tumeifungua injini kwa kuila. Nilimshukuru, nikamwomba arudi na magadi yake kwa mkewe.

Nilianza kwa kuloweka. Nilichanganya oili nyepesi ile ya giaboksi za magari yasiyo na kluchi na asetoni, nusu kwa nusu, nikaimimina juu ya pistoni mpaka ikafunika ukingo wake, nikafunika silinda kwa bati lisiingie vumbi. Asetoni hufanya oili iwe nyepesi kiasi cha kupenya mahali ambapo oili peke yake isingepenya. Inashika moto kwa upesi wa kutisha, kwa hiyo kazi hii hufanywa nje, mbali na jiko na mbali na mzee mwenye kiko. Kila asubuhi nilipima kina cha kimiminiko. Siku za kwanza hakikupungua. Siku ya sita kilipungua milimita moja, siku ya tisa milimita tatu. Pistoni haikusogea, lakini oili ilikuwa imepata njia, nami nikajua kwamba kati ya kuta mbili zile hapakuwa tena na kizuizi kizima.

Kutu si uchafu uliobandikwa juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kilichogeuka kwa kuoana na hewa na maji, na kikishageuka huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile kilichokuwa nayo. Mbunifu wa injini aliacha kati ya pistoni na silinda uwazi mdogo sana, mwembamba kuliko unywele. Kutu inapoota pale haina pa kwenda, basi inajibana yenyewe na kuwa kabari. Nyundo juu ya kabari huikaza zaidi.

Ndipo nikaingia katika somo nililolifundisha miaka mingi. Katika chuo cha ualimu nilichofanyia kazi palikuwa na kifaa cha tufe na pete: tufe la shaba linapita katika pete likiwa baridi, likipashwa moto halipiti. Kila mwaka nilikionyesha kwa wanachuo, nao waliandika katika madaftari kwamba vitu yabisi hutanuka kwa joto. Kisha niliwauliza kwa nini mafundi wa reli ya Tanga waliacha nafasi ndogo kati ya chuma na chuma, na daima alikuwapo kijana wa Mombo au Korogwe aliyewahi kutia kidole katika nafasi hiyo, akajibu kabla ya wengine. Nilipenda kusubiri jibu la kijana huyo. Lakini somo lile katika madaftari lilikaa bila kazi, kama vile Bantam bandani. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, na kila chuo kikapata shamba na banda la kuku. Maabara haikupata kuambiwa kwamba nayo ni shamba.

Haya ndiyo mahesabu niliyoyafanya nyuma ya bahasha. Kipenyo cha silinda ni milimita 52. Nikiipasha moto silinda kwa nyuzi 70 zaidi ya baridi ya asubuhi ya Lushoto, tundu lake litapanuka kwa milimita 0.04. Pistoni ya aluminiamu ikipata joto hilo hilo itatanuka karibu mara mbili ya hapo, milimita 0.08. Msomaji makini atasema: basi joto litazidi kuibana! Naam, likifika kwenye pistoni. Lakini joto linaanza nje. Kwa dakika chache za mwanzo silinda imekwisha kutanuka na pistoni bado ni baridi, na hapo nafasi inaongezeka. Baadaye joto linaifikia pistoni, inavimba na kuisaga kutu. Ikipoa inasinyaa kuliko silinda, na kutu iliyosagwa inaachia. Kwa hiyo kupasha na kupoza, kupasha na kupoza, kunafaa katika kwenda na katika kurudi.

Sikutumia moto wa wazi, kwa sababu ya ile asetoni na kwa sababu mapezi ya silinda ya kusubu hupasuka yakipata moto upande mmoja. Niliikausha silinda vizuri, nikaivika magunia yaliyofungwa kwa kamba, na shemeji akaniletea maji yanayochemka, birika baada ya birika, tukayamwaga juu ya magunia. Huyo ni mama wa miaka 76, mtu wa rika langu kabisa, na alikataa katakata kumwachia mjukuu lile birika. Kila tulipomaliza nilimimina oili baridi juu ya pistoni ya moto, inywewe wakati inapoa. Tulifanya hivyo mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa siku 18.

Siku hizo tulizungumza sana kuhusu kaka. Alinieleza kwamba kaka alikuwa na hofu moja tu na pikipiki ile: mteremko wa kutoka Soni kwenda Mombo. Hili linahitaji maelezo. Injini ya mipigo miwili hainywi oili kutoka kwenye sufuria yake, maana haina. Oili huchanganywa katika petroli, na kifuniko cha tangi la Bantam kina kikombe kidogo cha kuipimia. Sasa mtu anaposhuka mlima mrefu hufunga mafuta na kuiacha injini imzuie. Injini inazunguka kwa kasi, lakini petroli haiingii, na isipoingia petroli haiingii oili. Wengi waligandisha pistoni zao katika mteremko, wasijue kwa nini, kwa kuwa walidhani injini ilikuwa inapumzika. Kaka kila baada ya kona mbili alikuwa akifungua mafuta kidogo na kuyafunga. Alisema anaipigia hodi. Shemeji aliijua sauti ile kutoka kiti cha nyuma, na mwaka 1971 usiku ule aliisikia njia nzima, tukutuku ikipigiwa hodi gizani.

"Mwanao anaijua habari hii?" nilimwuliza.

"Ataijuaje, shemeji? Alikuwa hajazaliwa."

Mwisho wa Julai pistoni ilikuwa bado pale pale, milimita 27. Nilimwita seremala akanichongea kipande cha mvule cha mviringo cha kukaa juu ya pistoni, nikakigonga kwa nyundo ya mbao, kwa upole, kwa siku mbili. Hakuna. Nilishika nati ya mwisho wa krenki kwa spana ndefu nikaitikisa mbele na nyuma. Hakuna. Watu wanaopenda methali walianza kunipa methali. Mwingine aliniambia kwamba mtoto mgumu na chuma kigumu ni kitu kimoja, na kwamba mimi kama mwalimu wa walimu lazima najua. Mimi sikubaliani na maneno hayo, na hata nilipokuwa na wanachuo 400 chini yangu sikuyakubali. Chuma hakina nia. Kinatii joto, shinikizo na muda, na ukikipa vipimo sawa kitakujibu jibu lile lile kesho. Mtoto hakupi jibu lile lile hata asubuhi na jioni. Nimewaona walimu wengi wakiharibika kwa kufikiri kwamba darasa ni gereji, na hapa sitaki kulirudisha kosa hilo kwa mlango wa nyuma.

Lililobaki ni grisi. Njia hii wanaijua madereva wa matrekta. Nilichukua plagi kuukuu ya saizi ile ile, nikavunja kaure yake nikabaki na ganda la chuma lenye hesi, na mchomeleaji wa sokoni akanichomelea juu yake kichuchu cha kupitishia grisi. Niliijaza silinda grisi kwa mkono mpaka juu ili isibaki hewa, nikarudisha kichwa na gasketi yake ya zamani, nikakaza nati nne kwa kupokezana, nikafunga ganda lile mahali pa plagi. Kisha nikaunganisha bomba la grisi la mkono, aina ile ya kupampu.

Hapa tena ni somo la darasani. Shinikizo ndani ya kimiminiko husambaa pande zote kwa usawa. Uso wa pistoni ya milimita 52 ni sentimita za mraba 21. Kama pampu inatoa kilo 50 kwa kila sentimita ya mraba, na pampu hizi zaweza kutoa mara nyingi zaidi ya hapo, pistoni inasukumwa kwa uzito wa zaidi ya tani moja. Na inasukumwa sawasawa uso mzima, bila kishindo. Hakuna nyundo inayoweza hivyo. Lakini nati nne za kichwa nazo zinabeba tani hiyo hiyo, basi nilipampu mpaka mkono ukawa mzito, nikasimama. Nikamwaga maji ya moto juu ya magunia mara moja zaidi, nikaenda kulala.

Asubuhi ya tarehe 9 Agosti niliushika mkono wa pampu, ukawa mwepesi. Sikufurahi. Wepesi huo una maelezo mawili: ama pistoni imesogea, ama grisi imepata mahali pa kutorokea. Nilipangusa gasketi kwa kitambaa cheupe pande zote, kikatoka cheupe. Nilipangusa shingo ya ganda la plagi, kikatoka cheupe. Nikapampu mara moja: mzito kidogo, kisha mwepesi. Mara ya pili hivyo hivyo. Kila mkandamizo wa bomba lile hutoa kama gramu moja ya grisi, na gramu moja juu ya uso ule ni karibu nusu milimita ya safari. Nikaanza kuhesabu kwa sauti. Shemeji alikuja na ufagio mkononi akasimama. Mkandamizo wa 34 ulipoingia, katika tundu la moshi pakatokea ulimi wa grisi, wa kahawia kwa kutu, ukajikunja taratibu ukining'inia ubavuni mwa silinda. Mlango umefunguka, pistoni imeshuka.

Shemeji alisema, "Imetoka?" Nikamwambia, "Imetembea." Akaendelea kufagia.

Sitawachosha wasomaji kwa yaliyofuata siku hiyo. Nilifungua kila kitu, nikainyanyua silinda kwa kuizungusha kidogo kidogo, ikatoka. Ringi zote mbili zilikuwa zimeganda katika mifereji yake, na zilivunjika vipande vipande nilipozitoa, kwani ringi za kusubu hazipindi. Ukuta wa silinda ulikuwa na vidonda pale maji yalipokaa. Msasa hautaviondoa. Silinda itabidi ichongwe kwa mashine na kutiwa pistoni ya saizi ya juu. Pistoni hizo, ajabu ni kwamba, leo zapatikana kuliko mwaka 1981. Wako watu Uingereza wanaozipenda Bantam na kuzitengenezea vipuri, na mjukuu wangu aliagiza moja kwa simu yake akiwa amekaa kwenye kizingiti. Kaka aliitafuta pistoni kama hiyo Tanga na Dar es Salaam kwa miezi saba.

Kikao cha ukoo kilikaa tarehe 26. Mambo yalikuwa mengi, mipaka ya shamba na ada ya shule ya yatima wawili, na pikipiki ilikuwa ajenda ya mwisho. Nilikuwa nimerudisha silinda na pistoni ya zamani bila ringi, zimepakwa oili. Mtoto wa kaka alivua koti, akapiga kiki kwa mkono kwanza, halafu kwa mguu. Injini ikazunguka. Haikuwaka, maana haikuwa na ringi wala plagi wala petroli, ilipumua tu. Akaipiga tena na tena, kama mara kumi, ikipumua. Mama yake alikuwa ameketi mkekani na wanawake wenzake. Akasema, bila kumtazama mtu, "Usiku ule haikupumua hivyo. Ililia." Mwanawe akauliza ni usiku gani. Basi akasimuliwa, mbele ya watu wote, na khanga mbili zikatajwa, na matope, na ile hodi ya baba yake katika kila kona. Nilitoka nje wakati huo kwenda kuwatazama wajukuu.

Mnunuzi wa vyuma alirudishiwa fedha yake ya utangulizi, shilingi 10,000. Banda lilivunjwa wiki iliyofuata kama ilivyopangwa, na pikipiki ikahamia barazani kwangu.

Jumapili ile, kabla ya basi la saa mbili, mtoto wa kaka alikuja akiwa amevaa nguo za safari. "Baba mdogo, shikamoo. Hiyo silinda ya kuchonga, nani anaipeleka Tanga?" Nilimwambia nilikuwa nimepanga kuipeleka mwenyewe Jumatano. Alisema atapita Tanga, ingawa njia ya Dar es Salaam haipiti huko. Niliifunga katika gunia na kumwandikia vipimo katika karatasi: milimita 52 ya sasa, ngapi ya kuongeza, na kwamba fundi asikate hata unyuzi kabla pistoni mpya haijafika mkononi mwake, maana silinda huchongwa kwa kufuata pistoni. Aliisoma karatasi mara mbili, akauliza neno moja ambalo hakulielewa, akaliandika tena kwa mwandiko wake.

Pistoni bado iko njiani.